Udongo Uliokataa Kukauka

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na lingepita bila kusemwa kama si Nzilani, ambaye kila asubuhi hupangusa kabati kana kwamba vumbi la Katangi lina siku litakwisha. Chini ya mkebe uliotiwa udongo, kando ya picha ya Bikira Maria, palikuwa na duara la maji. Alilipangusa. Asubuhi iliyofuata lilikuwapo tena, na lilikuwa limepanuka.

"Mwaitu," alimwambia mama mkwe wake, kwa neno ambalo Wakamba humwita nalo mama, "huu mkebe unatoa jasho."

"Mkebe ni wa bati," Kavindu alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mbaazi alizokuwa akichambua. "Bati liko na kwapa?"

Walicheka, na kicheko hicho kiliwachelewesha kuogopa. Mwaka huo mvua ya Novemba ilikuwa imepita mbali na Yatta. Iliwaonyesha umeme wake upande wa Kitui, kisha ikaenda zake. Punda walikwenda kisimani alfajiri na kurudi na mitungi ambayo maji yake yaligawanywa kwa kikombe. Milango ilikuwa imesinyaa ndani ya fremu zake. Katika nyumba iliyokauka hivyo, kitu kinachotoa unyevu chenyewe kilipaswa kumtia mtu wasiwasi. Lakini mkebe ule ulikuwa umengojwa mno, na kitu kilichongojwa sana hakikaguliwi.

Ulikuwa umetoka Burma. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kamati fulani iliwaita watu mjini Machakos, ikawaketisha chini ya mahema meupe, ikawatangazia kwamba imesafiri hadi kwenye makaburi ya askari wa Keya, jina ambalo Waafrika walilipa jeshi la mfalme wa Uingereza, na kwamba imechota udongo ili kila familia irudishiwe mtu wake. Mwenyekiti, Bwana Maundu, alisoma majina kwa kipaza sauti. Aliposema "Musili wa Katangi," Kavindu alisimama, akatengeneza kitambaa cha kichwa, akaenda mbele taratibu kama bibi harusi. Alikuwa na umri wa miaka themanini, na hakuwahi kumwona baba yake.

Musili alirudi vitani mkewe, Syokimau, akiwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Hakuacha agizo lolote kuhusu jina, kwa kuwa halikuhitajika: kwa Wakamba, binti wa kwanza wa mtu huchukua jina la mama wa baba yake, na mama wa Musili aliitwa Kavindu. Hivyo Musili alikufa katika misitu ya mbali akilijua jina la binti ambaye hakumjua kwa sura. Syokimau hakuolewa tena. Alimlea mtoto kwa hadithi chache alizokuwa nazo, na iliyopendwa zaidi ilikuwa ya likizo ya mwisho, Musili alipowapanga mbuzi wa nyumbani mstari mmoja, akawapigia kelele za kijeshi, "Mguu sawa! Mguu pande!" hadi beberu mmoja akamlia kofia. Syokimau alipokuwa akifa aliomba jambo moja tu: upande wa kulia wa kaburi lake paachwe wazi.

"Kaburi lake lilikuwa na jina?" Kavindu alimuuliza Bwana Maundu alipokabidhiwa mkebe.

"Mama, wengine hawana majina, lakini wote ni mashujaa. Mikebe ni mingi, mingine tumepeleka Uganda, mingine Malawi. Shika wako, mama, watu wanangoja nyuma."

Aliushika. Alikusudia kuuzika Krismasi, upande wa kulia wa mama yake, watoto wote watakapokuwa wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa. Hadi siku hiyo, baba yake angekaa kabatini.

Baada ya duara la maji ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyooza chini ya majani mengine, ya sufu iliyoloa na kuvaliwa ikiwa imeloa, na chini yake harufu ya mafuta ya bunduki. Justus, mwana wa Kavindu, mwenye duka la mbolea na dawa za mifugo sokoni Katangi, alitafuta panya aliyekufa darini, asimpate. Kisha maji yakaanza kupungua. Pipa la jikoni lililofunikwa vizuri jioni lilikutwa asubuhi likiwa tupu, sakafu yake ya simenti ikiwa kavu, bila ufa wala tone. Nzilani alimshuku mume wake kuwanywesha ng'ombe kwa siri. Justus alimshuku Nzilani kuwapa majirani. Waligombana kwa heshima, kama watu wanaojua kwamba kuna sikio la tatu ndani ya nyumba.

Wenye kuogopa wengi huogopa usiku. Katika boma lile usiku ulikuwa salama. Hofu ilikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini na kivuli cha kila mtu kimeingia chini ya nyayo zake, wakati kuku hunyamaza na hata nzi hutafuta ukuta. Wakati huo, uani, palisikika buti. Mguu mmoja ulikanyaga. Wa pili uliburutwa. Ulikanyaga, uliburutwa, ukakanyaga, hadi mlangoni, hapo ukasimama, na aliyekuwa ndani ya nyumba alijua, kwa ngozi ya shingo yake, kwamba kizingitini amesimama mtu mrefu anayelowesha sakafu.

"Mwaitu, hili ni jini," Justus alinong'ona siku ya kwanza walipolisikia pamoja.

"Jini ni la watu wa pwani. Linatafuta nini Katangi, kwenye ukame? Huyu ni iimu. Ni roho ya mzee wa nyumba." Kavindu alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, rozari mkononi, macho yakimwaka kama ya msichana. "Jini hufukuzwa, Justus. Iimu hulishwa."

Ndipo sauti ikaja kutoka kizingitini, nyembamba, ya mtu ambaye koo lake limebaki ngozi tupu. Ilitamka neno moja, na Justus, ambaye alitaka sana asilisikie, alilisikia.

"Madzi."

"Umesikia?" Kavindu alisema, na machozi yakamtoka bila sauti. "Manzi. Anaomba maji. Ulimi umemzidi uzito, amekaa sana kimya, lakini ni Kikamba. Baba yangu amesema nami Kikamba."

Alichukua kikombe, akakijaza kutoka kwenye mtungi wa kunywa, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akamimina. "Kunywa, asa," alisema, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Kunywa, Musili. Umefika."

Maji hayakugusa ardhi.

Tangu hapo kila adhuhuri alimimina, na kila adhuhuri aliita, na nyumba ikazidi kuharibika. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa iimu aliyekumbukwa hutulia. Huyu alikunywa na kukasirika. Kila mara jina la Musili lilipotajwa, sahani zilitikisika katika kabati, na mara moja chungu cha Syokimau, kilichodumu miaka mingi kuliko watu wengi wa Katangi, kilipasuka katikati kama kilichopigwa risasi. Mwanambuzi alikutwa amelala ubavu, amepauka ufizi, na shingoni mwake wamening'inia ruba wanono weusi, ruba wa kinamasi, katika nchi ambako chura hajaonekana kwa misimu miwili. Kesho yake Nzilani alihisi ubaridi kifundoni, akainua leso, akamwona mmoja ameshikamana naye, amevimba kama kidole gumba, akinywa.

"Mimi nimevumilia mkebe," Nzilani alisema, chumvi mkononi. "Nimevumilia harufu. Lakini babu wa mume wangu kuninyonya damu, hapana. Hata walio hai hawana ruhusa hiyo."

"Atatulia Krismasi," Kavindu alisema.

"Krismasi nitakuwa nimebaki ngozi, mwaitu. Mtanizika pamoja naye, nafasi moja."

Haikufika Krismasi. Adhuhuri moja Nzilani alikuwa akivuka ua na sufuria ya mahindi ya muthokoi, Justus akiwa chini ya paa la ghala na Kavindu mlangoni na kikombe chake, wote wawili wakimtazama, wote wawili wakisikia buti zikija kutoka upande wa lango, zikikanyaga na kuburutwa, zikipita mahali pa kawaida bila kusimama, zikimkaribia mwanamke yule ambaye alikuwa amegeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na mtu anayemfahamu, na kabla Justus hajapata sauti ya kumwonya sufuria ilianguka, nafaka zikatawanyika juu ya vumbi, na Nzilani akanyooka, mabega nyuma, kidevu juu, miguu yake mitupu ikagongana visigino kwa mlio wa chuma, mkono wa kulia ukapanda hadi kwenye nyusi ukabaki hapo, na kutoka kinywani mwake, kinywa ambacho midomo yake haikusogea, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Hapa, effendi!"

Kuku waliruka juu ya ghala.

"Asa?" Kavindu aliita. "Musili?"

"Musili hapana," sauti ilisema, kwa Kiswahili cha Keya, kile kilichokatwakatwa cha amri na majibu. "Effendi, Musili hapana. Hapana."

Kisha Nzilani akaanguka juu ya muthokoi, na maji meusi yenye vipande vya majani yakamtoka puani.

Justus hakuuliza ruhusa tena. Alikwenda Matuu kumleta Mwalimu Zubair, mtu wa makamo mwenye duka la vitambaa, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani na ambaye Wakristo wa Yatta nzima walimwendea kimyakimya kwa mambo ambayo hawakuyapeleka kwa padri. Kabla ya vitambaa alikuwa dereva wa trela za masafa marefu, na bado aliingia bomani akitazama kulia na kushoto kama anayetafuta mahali pa kugeuzia.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Kavindu.

"Marahaba. Umekuja kumfukuza baba yangu?"

"Nimekuja kumwuliza kwanza. Hata askari wa barabarani huuliza kabla ya kuandika kosa."

"Ukimfukuza, mimi pia utanifukuza. Nimemngoja miaka themanini. Mama yangu alimngoja hadi kaburini, na kaburini bado anangoja. Ukisoma kitabu chako akatoka, hakuna wa kumrudisha mara ya pili. Umeelewa, mwalimu?"

"Nimeelewa, bibi."

"Mwaitu," Justus alisema kwa ukali, "na mke wangu? Amelala ndani hali, hanywi, anatapika matope. Tumchague nani, aliyekufa au aliye hai?"

Kavindu alishikilia mkebe tumboni kwa mikono miwili.

Walimketisha Nzilani uani juu ya mkeka, mgongo ukiegemea kifua cha mumewe. Zubair alitia ubani kwenye makaa, akasoma kwa sauti ya chini, na moshi, badala ya kupanda, ukalala juu ya ardhi kama ukungu wa bondeni. Jua lilipofika utosini, buti zikaja. Zilikanyaga, zikaburutwa, zikasimama. Nzilani akafungua macho, na macho hayo hayakuwa yake.

"Kwa jina la Aliyekuumba," Zubair alisema, "nijibu. Jina lako nani?"

"Musili hapana."

"Sikukuuliza asiyekuwapo. Nakuuliza wewe. Jina?"

Sauti ikabadilika, ikaacha ukali wa gwaride, ikawa ya kijana, kijana mdogo kabisa aliyechoka, nayo ikasema kwa lugha nyingine, "Ndine Kachingwe. Sindine Musili. Amayi, madzi. Ludzu. Madzi."

Zubair alifunga kitabu. Alifanya hivyo taratibu, na Justus, aliyekuwa akimtazama usoni, aliogopa kitendo hicho kuliko sauti.

"Mbona unafunga?"

"Kwa sababu huyu si jini." Zubair alipangusa uso kwa kilemba. "Bibi, nisamehe kwa ninalolisema. Nilipeleka trela Blantyre mwaka baada ya mwaka, na kule nililala kwenye nyumba za watu. Lugha hii ni ya Malawi. Amayi ni mama, ludzu ni kiu. Madzi ni maji. Amesema, 'Mimi ni Kachingwe. Mimi si Musili.'"

"Amesema manzi," Kavindu alisema.

"Amesema madzi, bibi."

"Manzi! Mimi nimenyonya Kikamba. Wewe muuza vitambaa utanifundisha lugha ya mama yangu?"

"Sikufundishi. Msikilize mwenyewe."

Kavindu aliinama karibu na uso wa mkwe wake, karibu na ile pumzi ya majani yaliyooza. "Sema tena," aliagiza.

"Madzi," sauti ilisema. Na safari hii, kwa kuwa hakuwa akisikiliza kwa hamu yake, aliisikia ile d, ngumu na wazi, kama kijiwe ndani ya mchele. Ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyeitafuna na kuimeza.

Hakulia. Alikaa chini juu ya mchanga, mkebe mapajani, akawa mdogo. Wote walielewa kilichotokea. Makaburi yasiyo na majina yalichotwa udongo, udongo ukatiwa katika mikebe, mikebe ikabandikwa majina yaliyokuwa karibu. Kijana wa Malawi, aliyejeruhiwa akafa na kiu ya majeruhi, alikuwa amesafirishwa hadi nyumba ya watu wasiomjua, ambako kila mchana aliitwa kwa jina la mtu mwingine na kupewa maji pamoja na jina hilo.

"Sasa mtoe," Justus alisema. "Si babu, si ukoo. Mtoe, mwalimu."

"Naweza kujaribu. Lakini atakwenda wapi? Atabaki njiani kati ya Katangi na kwao, na njia hiyo ina nyumba nyingi."

Justus alivuta pumzi. "Basi tumzike kama babu, imalizike. Mwaitu atapata kaburi lake, watu watapata chakula chao. Nani atajua?"

"Mimi," Kavindu alisema.

Aliinuka. Alitumia goti, kisha kiganja, kisha bega la Zubair, na aliposimama alikuwa amesimama wima kuliko walivyomwona kwa miaka mingi. "Mimi nitajua. Na huyu atajua. Walimchukua kwao kwa lugha asiyoielewa, akapigana vita visivyo vyake, akafa wakamfukia bila jina, halafu wakamwibia hata kutokuwa na jina, wakambandika la baba yangu. Na mimi niutie uongo huo sahihi? Eti kwa sababu nimechoka kungoja?"

Nzilani alianza kutetemeka mikononi mwa mumewe. Visigino vyake vilipiga ardhi, vikapiga, na maji meusi yakaanza tena kumtiririka puani.

Kavindu alimsogelea, akaweka mikono nyuma, akajaza kifua.

"Kachingwe!" alipiga kelele, na kelele hiyo ilivuka ua hadi barabarani. "Askari Kachingwe! Mguu sawa!"

Kutetemeka kukakoma. Mwili wa Nzilani ukanyooka kama ubao.

"Sikiliza vizuri. Hili ni boma la Musili, na Musili akiwa hayupo, mkubwa hapa ni mimi. Maji utapewa, kwa jina lako. Kaburi utapewa, kwa jina lako. Lakini huyu ni mke wa mwanangu, si hema la jeshi. Toka. Ondoa na wadudu wako. Nikikukuta ndani yake tena nitamwaga huo udongo kwenye choo, na uende ukanishtaki kwa mfalme wako." Akavuta pumzi. "Kachingwe, mguu pande!"

Kwa muda hakuna kilichosogea. Kisha miguu ya Nzilani ikaachana, mabega yakalegea, kichwa kikaanguka juu ya kifua cha Justus, na buti zikasikika zikirudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi langoni. Nzilani akakohoa.

"Mbona mnanikodolea macho?" akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Muthokoi umeungua?"

Jioni hiyo Justus alimpigia simu Bwana Maundu, akaiweka kwa sauti ya juu, akampa Kavindu.

"Mama, usiharibu heshima ya mashujaa," Maundu alisema baada ya kusikiliza. "Hao wote walikufa pamoja, walizikwa pamoja. Wa kwako, wa kwao, tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba wa kwangu hajafika."

"Lakini jina lake tulilisoma, mama. Mbele ya wageni. Gazetini pia liko."

"Basi zikeni gazeti," Kavindu alisema, akamrudishia Justus simu.

Hawakungoja Krismasi. Upande wa kulia wa Syokimau hawakuugusa. "Mama amengoja miaka yote hiyo," Kavindu alisema, "halafu nimlaze na kijana asiyemfahamu? Atanitandika nikifika." Walichimba kando ya lango, pale ambapo mgeni hukaribishwa na mlinzi husimama. Zubair aliomba dua yake kimya, katekista akaomba yake kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyejua Kachingwe alikuwa wa dini gani, na Kavindu akamimina mtungi mzima wa maji, mtungi mzima katika ukame ule, akiita jina kwa usahihi. Maji yaligusa ardhi, yakazama, ardhi ikakauka. Juu yake walimwaga simenti, na ilipokuwa bado laini Kavindu alichukua msumari, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizolala upande:

KACHINGWE. ASKARI. ALIKUJA KWA MAKOSA.
MUSILI BADO.

Watu wa kanisa walisema mstari wa mwisho haufai kaburini. Alisema si wa kaburi, ni wa wanaopita barabarani. Bwana Maundu alituma mtu kumsihi aufute, kwa kuwa wageni wangekuja kupiga picha. Alimpa yule mtu chai, akampa na mandazi, akamwonyesha msumari. "Mwambie nimeuweka, karibu na mlango. Akitaka kuongeza jina lake pia, nafasi iko."

Nyumba ikatulia. Kabati likabaki kavu, Nzilani akanenepa, adhuhuri ikarudi kuwa adhuhuri ya kawaida ya kuku na nzi.

Mwezi wa Januari Zubair alirudi. Alikataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliketi mlangoni karibu na Kavindu, Justus na Nzilani wakasimama nyuma yao, naye akatoa simu.

"Nilimwomba dereva mwenzangu wa zamani wa Blantyre awatafute watu wa Kachingwe. Amewapata, nje kidogo ya Zomba. Wao pia walipewa mkebe, bibi. Huyu anayesema ni mjukuu wa nduguye. Amejirekodi."

Sauti ya mwanamke ikatoka, ya haraka na ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye chumba cha pili. Zubair alitafsiri kipande kwa kipande.

"Anasema, udongo wa mkebe wao haukauki. Anasema, saa sita mchana mtu husimama uani. Anaomba maji, lakini hulitamka vibaya, wanadhani ulimi umeharibika kwa kufa siku nyingi. Wanampa, wanamwita Kachingwe, naye huvunja vyungu. Anauliza tuwafanyie nini." Zubair akasita. "Hapa mwisho, bibi, sitafsiri. Hapa utasikia mwenyewe."

Mwanamke alinyamaza. Katika ukimya wa uani wa mbali, buti zilikanyaga ardhi, miguu yote miwili mizima, zikasimama. Sauti ya mwanamume ikasema neno moja.

"Manzi."

Hapakuwa na d ndani yake. Kavindu aliinama hadi sikio lake likagusa kioo cha simu. Sauti ikavuta pumzi, ikasema la pili, kwa unyonge wa mtu anayeita akiwa hana tena tumaini la kuitikiwa.

"Kavindu."

Nzilani aliziba mdomo. Hakuna aliyejua kama yule mtu alimwita mama yake au binti yake. Kavindu mwenyewe hakujua, na alionekana kuamua hapo hapo kwamba haidhuru. Waliokuwa na jina hilo walikuwa wawili, na aliyebaki wa kuitika alikuwa mmoja.

"Hii kitu ya kuongea inabonyezwa wapi?" aliuliza.

Zubair alimshikia kidole juu yake. Kavindu akajaza kifua.

"Musili, mguu pande. Ni Kavindu anasema. Kaa hapo ulipo, usiwavunjie watu vyungu, hawana makosa. Tunakuja kukuchukua."

Aliachilia kidole. Justus akakohoa. "Mwaitu, uko na miaka themanini. Pasipoti huna. Na umesema tunakuja. Wewe na nani?"

Kavindu alielekeza kidevu upande wa lango. Ilikuwa saa sita kamili ya mchana, jua likiwa utosini, na juu ya simenti nyeupe ya kaburi palikuwa pamechorwa, kwa maji, nyayo mbili za buti, visigino vimekutana, ncha zikielekea barabarani. Walizitazama kwa muda mrefu. Jua lilizichoma, upepo ukazipitia na vumbi lake, na hazikukauka.